Vipande Vitatu vya Risasi

Nilimwonea ndugu yangu wivu tangu tukiwa wadogo. Tulikuwa wa baba mmoja, mimi wa mke mkubwa, yeye wa mke wa pili, na kwetu kisiwani Rusinga jambo hilo lina amri zake. Mkubwa hutangulia kulima, kupanda, kujenga. Mdogo akimruka anaita chira, laana inayomkausha mtu akiwa hai. Lakini yeye alinipita kwa sura, kwa kucheka na kwa kupendwa, mambo ambayo mila haikuyawekea zamu.

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, ziwa likiwa limefurika na kumeza mashamba ya ufuoni, mashua ya injini ya tajiri mmoja wa Homa Bay ilizama karibu na kisiwa cha Takawiri. Tajiri akamleta mzamiaji kutoka Mombasa aje kuiopoa, bonge la mtu, na mitungi yake ya hewa. Alitaka mwenyeji mmoja wa kuzama naye. Mimi nilikuwa fundi wa nyavu, niliyajua maji yale kuliko wote. Akamchagua ndugu yangu. Eti ana kifua. Kifua gani? Mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya Mbita.

Mimi nikapewa kazi ya kuyeyusha risasi za nyavu, yale madini mazito ya kuzizamishia, nimtengenezee mkanda. Mzamiaji alinieleza kwamba suti ya mpira humfanya mtu aelee na risasi humvuta chini. Zikipungua, anabaki juu akipiga mateke kama bata. Zikizidi, hapandi tena. Akaniambia niweke vipande kumi, sawa na mkanda wake.

Hakuwa na cha kunifundisha. Kazi yangu ilikuwa hiyohiyo, boya juu, risasi chini. Tena nililijua asilolijua yeye, ambaye hajawahi kuzama ziwani. Mwaka uliotangulia nililetewa nyavu zilizofungwa pwani. Kule zilielea vizuri, lakini kwetu zilizama pamoja na maboya yake, mpaka nilipopunguza risasi. Maji yetu hayana chumvi, hayabebi kitu vile. Na mtu mwembamba hana hata mafuta ya kumwinua.

"Hebu nambie, fundi," mzamiaji akaniuliza, "wewe wayajua maji haya. Uzito huu wamfaa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Maji ni maji, bwana," nikasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyemvika. Nilimfunga ule mkanda kwa mikono yangu. Ndugu yangu akasita ukingoni mwa mashua.

"Omera, ndugu yangu, wewe ndio mkubwa. Ingia kwanza."

Sikutaka makombo yake. "Si wewe ndio umechaguliwa? Nenda."

Alizama moja kwa moja kama nanga. Mapovu yakapanda mengi, kisha yakakatika. Aibu yangu ni hii: mwanzo nilifurahi. Halafu furaha ikaniishia na nikaanza kupiga kelele nikimwita. Akaibuka bila mkanda, damu ikimtoka puani, mzamiaji amemshika kwapani. Mzamiaji ndiye aliyemfungulia mkanda kule chini, na aliamini kijana alipaparika tu.

Jioni ndugu yangu aliniita kando, sauti bado imemkauka.

"Makosa ni yangu," akasema. "Nilikuruka. Kesho unaingia wewe."

Ningemwambia hapo hapo. Badala yake niliitikia kwa kichwa, nikalala vizuri, kama mtu aliyerudishiwa haki yake.

Kesho yake mzamiaji, aliyekwisha kuuopoa ule mkanda, akanikabidhi. Nikauweka mapajani. Mikono ya fundi haingoji kuambiwa: kabla ya kujifunga nilichomoa vipande vitatu, nikaviweka kwenye ubao wa mashua.

Ndugu yangu alikuwa ameshika kamba. Akavitazama, kisha akanitazama mimi. Akaviokota, akavipima kiganjani, kimoja baada ya kingine.

"Haya," akasema. "Tangulia."

Nilishuka vizuri sana siku ile, taratibu, bila kuvutwa chini wala kusukumwa juu. Niliporudi juu, vile vipande havikuwa kiganjani mwake wala kwenye ubao, na tangu siku hiyo hajaniita omera.