Pumzi za Dada Cherehani

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja. Hapana, nasema uongo, ilikuwa themanini na mbili, kwa sababu themanini na moja ile studio ilikuwa bado stoo, na mimi nilikuwa bado natengeneza redio za watu mlangoni kwa dobi. Uzee huu. Basi tuseme themanini na mbili, wakati wa mvua, maana nakumbuka tulikuwa tunasimamisha kurekodi kila bati likianza kupiga kelele.

Studio yenyewe ilikuwa juu ya duka la magodoro. Mwenye duka alitupa yale yaliyotobolewa na panya, tukayapigilia misumari ukutani ili sauti isirudi. Kila akipanda ngazi kutusalimu alikuwa na neno. "Jamani, hata ukuta wenu unalalia godoro. Mimi mwenye duka, mke wangu kanilaza chini!"

Hapo ndipo walipokuja kaka na dada yake. Kaka alifundisha watoto kinanda. Dada alishona sare za shule, chumba kimoja, cherehani moja ya kukanyaga, na alikuwa akiimba kwa kufuata mwendo wa miguu yake. Akikanyaga polepole, wimbo nao unakwenda polepole. Mtaa mzima ulimwita Dada Cherehani. Yule kaka, mimi ndiye niliyembatiza Wembe, na sababu utaiona sasa hivi. Walipiga roki, lakini roki ya taratibu, gitaa linabembeleza, na ngoma inagongwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Siku hizo muziki ulikaa kwenye tepu, utepe wa kahawia mwembamba. Dada akishamaliza kuimba, kaka anautandaza utepe wa sauti yake juu ya kibao, anausogeza mbele na nyuma kwa mkono mpaka anasikia pale alipovuta pumzi. Hapo anakata kwa wembe. Kipande chenye pumzi, cha urefu wa kidole, kinadondoka sakafuni, naye anapachika utepe mtupu wa urefu uleule ili mwendo usiharibike. Halafu anatafuta pumzi nyingine. Alifanya hivyo kwa kila wimbo, mpaka sauti inateleza tu, huoni inaanzia wapi wala inapumzikia wapi.

Nilipochukua ufagio alinizuia. "Acha, Fundi. Uchafu wangu nitauzoa mwenyewe."

Nikasema moyoni, huyu kalelewa.

Albamu ya kwanza haikufika mbali. Waliinunua wazazi wa wanafunzi wake wa kinanda, na shangazi yao mmoja aliyechukua mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kuringia. Ya pili ikakamata. Ukiingia saluni unaikuta, ukienda kwa fundi viatu unaikuta. Ya tatu ndiyo iliyowapandisha, hadi mtangazaji mmoja wa redio akasema mwanamke yule haimbi, anamiminika. Na katika majalada yote hayo wamevaa nguo alizoshona dada kwa kitambaa cha sare, bluu, kola zimenyooka, utadhani wanangoja kengele ya darasani. Ya nne ilipotoka, watu walikuwa wamehamia kwenye muziki wa kurukaruka. Ikabaki kwenye makasha.

Wakati huo mama yao alikuwa amehamia kwa Dada Cherehani. Macho yalikuwa yamemwisha. Jioni moja nikawapelekea gramafoni yangu, wakamwekea mama santuri ile ya nne, hajawahi kuisikia. Akasikiliza ameegemeza kichwa ukutani.

"Anaimba vizuri huyu," akasema. "Nani?"

"Mimi, mama."

"Usinitanie, we mtoto."

"Haki ya Mungu, mama, ni mimi."

"Wewe nakujua. Kabla hujaimba unavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Tangu mdogo. Huyu hapumui. Ni mzuri, sikatai, lakini simjui."

Kaka akacheka, nami nikacheka kidogo, kwa heshima. Dada hakucheka. Aliondoa sindano kwenye santuri, akakaa na kuitazama ile santuri ikizunguka bure.

Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani. Afanye albamu moja ambayo mama yake akiisikia atamtambua.

Lakini kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Tulipoanza albamu ya tano, kila akivuta hewa kulikuwa na mluzi ndani, kama mlango usiofunga vizuri. Wakabishana mbele yangu, mimi najifanya nafunga nyaya.

"Safari hii usiniguse, kaka."

"Watu watasikia ugonjwa, mdogo wangu."

"Watanisikia mimi."

"Nani anunue santuri ya mtu anayehema?"

"Mama atanunua."

"Mama si tunampa bure!"

"Basi nifanyie hiyo moja ya bure."

Hata yeye Wembe alicheka. Alikuwa anaugeuzageuza ule wembe vidoleni, na dada yake akabaki anamtazama mikono.

Wimbo wa mwisho aliuimba amekaa kwenye kigoda, mto wa kuchomekea sindano bado umo mfukoni mwake, maana alitoka kazini moja kwa moja. Alipotamka neno la mwisho akavua hedifoni, akaziweka mapajani, akafunga mdomo kabisa, kama mtu aliyeshiba. Akatuangalia kupitia kioo. Nikasimamisha mashine.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha, mdogo wangu."

Hakuirudia tena ile ngazi. Alifariki kabla utepe haujafika kwenye kibao. Nisiseme mengi juu ya siku zile. Sare za watoto wa watu zilikutwa zimekunjwa tayari, vifungo vyote vipo, ila moja ilikuwa bado haina mkono wa kushoto, na mama wa yule mtoto alikataa isimaliziwe na mtu mwingine.

Matanga yalipokwisha, kaka akaja studio. Mfukoni ana wembe. Kwapani ana kopo la maziwa ya unga, nikadhani ni chakula chake.

"Fundi, niachie chumba."

"Kaka, alikuomba."

"Najua alichoniomba."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi na mwenye duka la magodoro, na siku hiyo hakuwa na mzaha wowote. Kupitia mlangoni tulisikia utepe ukisogezwa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Sauti ile naijua. Ni sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kukata. Nilishika kichwa. Nikasema, basi, kamfuta tena.

Santuri ilipotoka kiwandani tukaipeleka kwa mama. Kaka hakuingia ndani, alisimama akiegemea fremu ya mlango. Nikaweka sindano. Kabla ya neno la kwanza ikasikika pumzi, na mluzi wake. Halafu nyingine. Zote zilikuwamo, hakuna hata moja iliyoguswa. Mama akanyoosha mkono hadi ukagusa spika, akauacha hapo.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye mwanangu."

Tukafika wimbo wa mwisho, neno la mwisho. Nikainuka kuondoa sindano. Hapo ndipo ilipokuja pumzi moja zaidi, ndefu, safi, haina mluzi, pumzi ya mwanamke mzima aliyemwagiwa maji ya baridi. Baada yake kimya, santuri inazunguka.

"Nyamazeni," mama akasema. "Anaanza."

Alingoja muda mrefu yule mama, mkono kwenye spika, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba wimbo umekwisha.

Mimi nilikuwepo siku ya kurekodi. Nilimwona dada akifunga mdomo. Pumzi ile hakuivuta siku ile, na kifua chake cha siku ile kisingeiweza. Ndipo nikalikumbuka lile kopo, nikajua uchafu ambao kaka alikuwa akiuzoa mwenyewe miaka yote ile ulikwenda wapi.

Niliwahi kumuuliza, miaka ilipopita, tulipokuwa tunahamisha kinanda chake. "Shika ncha hiyo, Fundi," akasema, "ngazi ni nyembamba." Sasa naye hayupo, na mama hayupo, na ile santuri ninayo mimi. Naiweka jioni moja moja, na ikifika pale mwisho namuuliza tena. Kaka, katika nyimbo zote zile, ile pumzi uliikata kwenye wimbo upi, na alikuwa anaivuta ili aimbe neno gani?