Mstari Wetu Kwenye Njia ya Ng'ombe

Hapa Iringo, mjini Musoma, jirani yangu anajenga. Wiki iliyopita lori lilikuja kumwaga mawe mbele ya kiwanja chake. Mngurumo wa mawe yakigongana, pamoja na ile harufu ya vumbi kama ya kiberiti kilichozimwa, vilinitoa jikoni nikasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mwanangu akaniuliza kama kuna kitu kimeungua. Hakuna kilichoungua. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Suguti, darasa la sita, nimebeba jiwe kichwani juu ya ngata ya majani, shingo inaniuma na sitaki mtu ajue.

Shule yetu ilikuwa kati ya vilima vya majabali na ziwa. Kila jioni ng'ombe wa upande wetu walikuwaga wanakatiza uwanjani kwenda kunywa maji. Kwato zililegeza udongo, mvua ikaubeba, njia ikawa mfereji na mfereji ukawa korongo. Nilipoanza darasa la kwanza tulikuwa tunaliruka kwa mchezo. Nilipofika la sita lilikuwa limeshameza goli moja la uwanja wa mpira, wavulana wakabaki wanafunga wote goli moja na kugombana kutwa nani kamfunga nani. Sisi wasichana tulicheka sana. Hatukuona kwamba korongo lilikuwa limekata kona, linaelekea nyuma ya madarasa.

Masika yale tulifika asubuhi moja tukakuta choo cha wasichana kimelala chini korongoni, bati limekunjamana, mlango bado umefungwa na komeo lake. Walimu walituambia tuvumilie. Serikali ya kijiji ilisema inasubiri fungu. Tukawa tunakwenda kwenye vichaka vya nyuma, wawili wawili, mmoja akiwa mlinzi. Wasichana wakubwa walianza kukosa shule siku fulani za mwezi, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Mmoja wao alikuwa Nyasatu wa darasa la saba. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya mazingira. Msiipe klabu hiyo heshima kubwa. Kazi yetu hadi siku hiyo ilikuwa kumwagilia maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu na kuyapaka chokaa mawe yaliyoyazunguka. Kwa chokaa tulikuwa hodari kweli. Nyasatu aliporudi shuleni baada ya kukosa siku kadhaa, alitoka mstarini bila ruhusa akasimama mbele yetu.

"Maua ya ofisini yameshiba maji," alisema. "Kuanzia leo klabu inahamia korongoni. Anayetaka kuja, aje na jiwe."

Mwalimu mkuu alifungua mdomo. Lakini Madam Rhobi, mlezi wa klabu, akawahi kusema, "Watafanya baada ya vipindi, mwalimu. Nitakuwepo." Basi ikawa hivyo.

Madam Rhobi alikuwa mtu wa Butiama, na kwao alishaona makorongo yakifungwa. Alituambia tusihangaike kulijaza. Tupange mawe kwa mistari ya kukatiza, kama ngazi, ili maji yapunguze mbio na kuacha udongo wake. Mengine yote alituachia sisi. Nyasatu ndiye aliyegawa kazi: hawa mawe, hawa kuchimba msingi, hawa kutafuta miche ya katani ya kupanda ukingoni. Tulishuka kilimani kila siku kama siafu, kila mtu na jiwe lake. Mikono ilichubuka. Mama alinipaka mafuta ya ng'ombe viganjani bila kuniuliza, ila alikuwa akitikisa kichwa.

Mstari wa kwanza ulipokamilika tuliuimbia. Kesho yake tulikuta umesambaratika, mawe yamebiringishwa chini, katani zimekanyagwa, na kinyesi kibichi juu ya kila kitu.

Nyasatu aliangalia alama za kwato, kisha akaniangalia mimi. "Nyangeta, anayetangulia hapa ni nani?"

Nilijua. Kila mtu alijua. Aliyetangulia ni maksai mwekundu wa baba yangu, na wengine walimfuata.

Tuliupanga tena mstari ule, na ukavunjwa tena. Jioni nikajikaza nikamwambia baba, akiwa ananawa mikono. Kulikuwa na njia nyingine ya kuzungukia chini, kandokando ya shamba la pamba la Mzee Maingu. Je, ng'ombe hawawezi kupita huko?

"Mama," baba alisema, maana aliniita mama akiwa na furaha, "njia ile baba yangu kaipita kabla shule haijajengwa. Ng'ombe hajui shule." Akacheka, akamega ugali. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Nilipompelekea Nyasatu jibu hilo hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe akafikiri, halafu akasema, "Basi tutasimama njiani." Nilidhani anatania.

Jioni ile tulijipanga kutoka ukuta wa darasa hadi ukingo wa korongo, tumeshikana mikono. Nyasatu aliniweka katikati. Nilimuomba anipeleke pembeni, akakataa. "Ukiwa pembeni atakupita," alisema.

Ng'ombe walitokea na vumbi lao. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma yao, fimbo begani, na watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama kutazama. Maksai mwekundu alifika karibu nami hadi nikasikia pumzi yake usoni. Akasimama. Nafikiri alinitambua, kwa kuwa ni mimi niliyekuwaga nampa chumvi.

"Tokeni," baba alisema.

Hakuna aliyetoka. Nyasatu, kando yangu, aliubana mkono wangu zaidi.

"Nyangeta. Nimesema toka."

"Baba," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi, "choo chetu kimeanguka. Tunajisaidia vichakani. Wakubwa wakiwa kwenye siku zao hawaji shule. Mwakani na mimi nitakuwa mkubwa."

Kwetu binti hasemi maneno hayo mbele ya baba yake, sembuse mbele ya wapita njia. Mmoja wao alikohoa akageuka pembeni. Baba aliishusha fimbo. Aliliangalia korongo, akaliona lile bati chini. Kisha akazunguka mbele, akamshika maksai pembe, akamgeuza. Kundi zima likamfuata kuelekea chini, kwenye shamba la Mzee Maingu.

Wenzangu walirukaruka kwa shangwe. Mimi sikuweza. Nyumbani baba hakuniita mama, wala Nyangeta. Alinyamaza siku nyingi, nami nikawa napita mbali naye, nikiamini nimempoteza.

Lakini ng'ombe hawakurudi uwanjani, si wake wala wa wengine; wote walipita chini, kando ya shamba la Mzee Maingu. Mvua zilikuja zikang'oa mstari mmoja, tukaupanga upya. Mingine ilishika. Nyuma ya mawe udongo ukaanza kukaa, kidogo kidogo, ukaota majani. Wazazi walichimba choo kipya upande wa juu. Nyasatu alimaliza shule bila kukosa tena, na leo ana duka lake Kabasa, Bunda, na sauti ileile.

Haya mengine nimeyajua nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Mama alinisimulia tukichambua dagaa, kana kwamba ni habari ndogo tu. Jioni ile baba alimuuliza, "Ulikuwa unajua mambo ya choo?" Mama akamjibu, "Nilijua. Wewe ungesikia?" Alfajiri baba alivaa shati lake la kanisani akaenda kwa Mzee Maingu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba na Maingu walikuwa hawasalimiani. Waligombea mpaka wa shamba kabla sijazaliwa, na ng'ombe waliopita jana yake bila ruhusa walikuwa wameshakanyaga pamba.

Mtoto anadhani watu wazima wakinyamaza wamekasirika. Nilidhani siku ile sisi ndio tuliofanya jambo gumu, kusimama mbele ya pembe. Kumbe lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na baba alikwenda kulifanya peke yake, bila mtu wa kumshika mkono.

"Alisema nini huko?" nilimuuliza mama.

"Maingu mwenyewe ndiye aliyenihadithia," alijibu. "Baba yako alisimama uani, akakataa kiti. Akasema, 'Binti yangu amesimama njiani kwangu, na nimeona ana haki. Nimekuja kukuomba njia yako.'"