Unga wa Mtu wa Kitabuni

Mama hakusoma shule, lakini kwa kusikiliza hakuna aliyemshinda. Mchana nikirudi kutoka kufundisha nilimkuta uani akichambua ndagala zake, dagaa wa kuuza, nami nikavuta kigoda na kumsomea romani, yaani riwaya. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa nilichookota kwenye rundo la mitumba kule Kalundu. Jalada halikuwepo na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, hivyo hata leo sijui kiliandikwa na nani. Nilikigeuza Kiswahili papo hapo, nikikwama narudi nyuma.

Kilihusu mchungaji aliyefiwa na mtoto wake. Tangu mazishi yale alikuwa akipanda madhabahuni anahubiri, watu wanalia, wanatubu. Lakini akibaki peke yake hawezi kuomba. Anafungua kinywa, neno halitoki. Mimi napenda vitabu vya namna hiyo, vinavyomvua mtu joho na kumwacha na shati lake. Mama aliacha samaki.

"Na hakuna muntu anamusaidia?"

Nikamwambia hakuna anayejua.

"Masikini," akasema, na mchana ule hakutaka tuendelee.

Sikujua kwamba alilibeba jambo lile hadi chumba cha maombi. Mama ndiye aliyewaongoza akina mama waombezi mtaani kwetu, na tangu baba alipofariki kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha kitandani. Aliwaambia kuna mtumishi wa Mungu anazama, nao wakafunga kula kwa ajili yake. Na kwetu mtu mkishamwombea kwa kufunga hamwachi hivyo. Mnakwenda kumwona, na hamwendi mikono mitupu.

Basi Jumamosi nikafungua mlango, nikawakuta wamejaa barazani, vitenge vimepigwa pasi, beseni limejaa unga wa muhogo, sabuni na samaki wa mikeke waliokaushwa.

"Tuko tayari," akasema msaidizi wa mama. "Ule Pasteri anaishi wapi? Lemera ao Katogota?"

Mama akanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa. Msicheke haraka. Mama alikulia kwenye nyumba yenye kitabu kimoja tu, na kila aliyetajwa humo, kwa imani yake, aliishi, akala, akafa. Angejuaje kwamba kuna watu wanaokaa chini na kumbuni mtu pamoja na machozi yake?

Nikasema kweli. Hakuna barabara inayofika kwake; yuko ndani ya kitabu, aliyekiandika alimtunga.

"Mu buku?" mmoja akauliza. "Tumekaa na njaa juu ya muntu hayuko?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Msaidizi yule alikuwa ameimezea mate nafasi ya mama siku nyingi. Alilitua beseni kwa kishindo. "Weye Mama, umepeleka uongo mbele ya Mungu. Twende kwa Pasteri wetu sasa hivi."

Tukaenda. Mama alitangulia, na mimi nikafuata na kitabu kwapani. Nilitamani kuwauliza ile njaa ilimuua nani. Lakini niliogopa. Wakimtoa kwenye uongozi, nilijua nitabaki na mama anayeshinda uani akitazama ukuta.

Mchungaji wetu, mtu wa mahubiri ya moto, alitusikiliza kanisani akiwa amesimama. Msaidizi alieleza yote na chumvi akaongeza. Kisha mchungaji akamuuliza mama ana jibu gani.

"Pasteri, minye nilisikia muntu iko analia," mama akasema. "Sikuuliza kwanza kama iko na mwili. Kama nimekosa, munitoe. Lakini ile maombi siirudishi."

Mchungaji akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akasoma pale pale, kidole kikifuata mistari. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kidole kikasimama na hakikuondoka. Akina mama walikuwa wakingoja hukumu. Msaidizi alikwisha kukunja mikono kifuani.

"Wamama, mutungoje inje," akasema. "Mama abaki na binti yake."

Nilidhani anataka kumtoa kwa heshima, pasipo macho ya watu. Nikaanza kutafuta maneno makali ya kumjibu, na ninayo mengi. Alikwenda mwenyewe kuufunga mlango, akarudi polepole. Aliposema, haikuwa sauti ninayoijua ya Jumapili.

"Ule Pasteri," akamuuliza mama, bila kunitazama mimi, "mwisho alipata tena kuomba?"

Mama, ambaye siku zote alimwita Pasteri, akamsogezea kiti.

"Hatuyafika ku mwisho, mwana wangu," akasema. "Ikala. Binti atatusomea."