Kovu la Mguuni Halikuwa Lake

Niseme mapema, kabla hamjaanza kunihurumia: mie nilisema uongo mbele ya liwali. Uongo mmoja tu, lakini uongo. Na aliyeniumbua hakuwa mume wangu wala mzee yeyote wa upande wake. Alikuwa somo yangu, mwanamke niliyemleta mwenyewe aje kunitetea.

Wakati huo Waingereza ndio waliokuwa wakitawala, na Temeke yetu ilikuwa nyumba za makuti na mashamba ya mihogo katikati. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Mzuri wa sura, mpole mbele za watu, shikamoo haimkauki mdomoni. Ndani alikuwa mtu mwingine. Alinipiga kwa mkanda, na alijua kuchagua panapofunikwa na nguo. Mwaka wa tatu nikafunga kanga zangu, nikarudi kwetu.

Baba alinipokea kwa chai na mawaidha. "Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."

"Mbivu zenyewe sijaziona, baba. Nimekula mkanda tu."

Hakupenda. Desturi ilikuwa mume aje na wazee wake, aombe radhi, mke arudishwe. Nilikuwa nimesharudishwa mara mbili kwa desturi hiyohiyo. Safari hii nikasema sirudi, nakwenda kwa liwali anivunjie ndoa. Nilijua nikishindwa kule nitarudishwa kwa amri, na mwanamume aliyeshinda kesi hatahangaika tena kutafuta panapofunikwa na nguo.

Temeke nzima ikawa na la kusema. Kwenye baraza la kahawa jirani na kwetu wanaume walibishana wiki nzima, nami nawasikia kutoka uani nikitwanga. Mmoja akasema sheria haina mlango wa kuingilia chumbani kwa mtu. Mwingine akasema mume naye ana mipaka yake, mke si punda. Wa tatu, fundi cherehani, akauliza: "Mwanamke akisema lolote likaaminiwa, mwanamume atajitetea na nini?" Nilimtukana kimoyomoyo. Leo nakiri alikuwa na hoja, ingawa kiherehere chake sikipendi mpaka kesho.

Shida yangu ilikuwa shahidi. Mahakama ilitaka mtu aliyeona, na ya chumbani nani ayaone? Ndipo nikamwendea somo yangu.

Somo ndiye anayemfunda mwanamwali na kumwandaa kwa harusi. Wangu alinisugua kwa liwa siku saba, mgongo, mikono na miguu, na katika kusugua huko hakuna alama iliyompita. Siku ya kunikabidhi alimhesabia mama mkwe mbele ya wanawake wote: huyu nakupa, ana chanjo begani, ana hili na lile, siku mkimchoka mnirudishie hivihivi. Watu hudhani ni utani wa harusi, wanapiga vigelegele. Yeye hakuwa akitania.

"Nitasema nilivyokukabidhi," akaniambia. "Sitazidisha."

"Lakini useme kwa ukali, somo."

"Ukali unao wewe wa kutosha. Mie nitasema kweli."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Liwali alikuwa mzee wa taratibu, mwenye sauti ndogo, na karani wake akiandika pembeni. Mume wangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, mama yake nyuma yake. Akaapa kwamba hajapata kuninyanyulia mkono. Jamani, damu ilinichemka. Nikasema mgongo, nikasema bega, nikasema mbavu. Nilipoona watu wanaguna kwa kunionea huruma nikanogewa, nikainua kanga kidogo, nikaonyesha kovu la kwenye muundi. "Na hili pia ni lake."

Somo akaitwa, akaapa. Akaeleza mwili alioukabidhi: mgongo hauna doa, bega lina chanjo tu, mbavu safi. Kisha akasema, "Ila kovu la mguuni si lake. Huyu alijikata na jembe utotoni, shambani kwa bibi yake. Nilimkabidhi nalo."

Chumba kikavuma. Mume wangu akacheka waziwazi. Mie nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na yule mwanamke nilimchukia saa ile kuliko nilivyouchukia mkanda.

"Bwana liwali, umesikia mwenyewe," mume wangu akasema. "Mwongo huyu. Na hayo mengine ni uongo vilevile. Mama yangu anaishi nasi nyumba moja, aulizwe yeye."

"Naam, aulizwe," somo akadakia. "Yeye ndiye niliyemkabidhi. Atazame kwa macho yake."

Liwali akafikiri, akamtoa karani kwenye kijichumba chake cha nyuma, tukaingia sisi wanawake watatu, mlango ukafungwa.

Nikavua kanga ya juu. Mama mkwe hakunitazama usoni. Miaka ile yote, akisikia kelele chumbani kwetu, alikuwa akitoka uani kufagia palipokwisha kufagiwa. Alianza na mguu. Akalipapasa lile kovu, akasema, "Kweli, hili niliambiwa." Halafu akaja mgongoni. Kidole chake kikafuata mstari mmoja, kikafuata wa pili, polepole, kikafika chini ya mbavu za kushoto na kusimama hapo.

Tulipotoka liwali akamuuliza mama mkwe ameona nini. Mwanawe anamkodolea macho.

"Nimeuona mkono wa marehemu baba yake huyu," akasema. "Kila pahala alipokuwa akinipiga, napajua."

Hakuna aliyecheka tena. Liwali alisema shahidi aliyekataa kumpendelea mtu wake hata kwa kovu moja amemtosha, na mama ameyamaliza yaliyobaki. Ndoa ikavunjwa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Nje, ajabu yangu, bado nilikuwa na hasira. Nikamuuliza somo kwa nini alinifedhehesha mbele za watu.

"Ungemtwisha moja asilolitenda, angepata haki ya kuyakana yote," akanijibu. "Na haki ni yake pia, hata kama adabu hana."

Tangu siku ile nimesikia mabishano mengi ya sheria za mke na mume, ya barazani na ya redioni, ya wasomi na ya wapiga domo. Sijamsikia aliyelisema hilo vizuri kuliko somo yangu, ambaye hata kusoma hakujua. Nampenda mpaka leo, Mungu amrehemu.

Mama mkwe alikuwa ameketi ngazini peke yake. Mwanawe alishaondoka bila kumngoja.

"Na mie nilikuwa na somo," akasema, bila kutuangalia. "Alikuwa akiyaona yote. Akinikanda kwa maji ya moto, halafu ananirudisha kwa mume wangu, kanishika mkono."

Somo yangu akaketi kando yake ngazini, akaweka kiganja mgongoni kwake juu ya kanga, akamuuliza, "Mpaka leo panakuuma wapi?"

Yule bibi, na uzee wake wote, akageuka akamwonyesha.