Nembo Mbili za Docteur Anaclet

Watu wa mtaa wa Nyamirambo wakimtaja Docteur Anaclet, Athanasie huendelea kukanyaga cherehani yake kana kwamba hajasikia kitu. Yeye amewahi kumpima kiuno, na hilo linamtosha.

Televisheni ilikuwa bado ngeni Kigali, na mchambuzi wa siasa alikuwa mgeni zaidi. Kila Alhamisi jioni wanaume walijazana dukani kwa Habiyaremye, aliyeweka seti yake juu ya friji ya soda, wakamsikiliza Docteur akieleza mambo ya vyama, mazungumzo ya amani na vita vya kaskazini. Kila swali alilijibu akiwa amefumba macho. Alisema "kama nilivyokwisha kubainisha" hata kabla hajabainisha lolote. Théoneste, mumewe Athanasie, dereva wa lori la saruji na mtu mwenye akili timamu siku nyingine zote, alirudi nyumbani kila Alhamisi akiongea polepole huku kafumba macho, mpaka mkewe akawa anamuuliza kama ana usingizi.

Januari ya mwaka tisini na tatu, Docteur akaja mwenyewe kibandani kwa Athanasie. Alitaka suti ya kuvaa kwenye televisheni. Akasema hakuna haja ya kumpima, kiuno chake ni sentimita tisini, alipimwa Brussels na fundi wa kueleweka. Athanasie hakubishana naye. Fundi hakati kitambaa kwa maneno ya mteja. Huzungusha futi yake ya utepe, akasoma. Futi ikasema mia moja na nne. Docteur akasema futi za hapa zimevutika, kisha akasimulia kwa nusu saa jinsi kola inavyotakiwa kukaa.

Alipomaliza, akatoa kwenye begi sare za shule za binti zake wawili. Nembo za kifuani zifumuliwe, akasema, na namba za uzi mwekundu ndani ya kola zitolewe pia. Mahali pake zishonwe nembo mpya za shule moja ya Butare, kusini. Alizitaka kabla ya Jumamosi.

Athanasie aliitambua ile nembo ya zamani bila kuikaribia. Ndiyo ileile aliyomshonea Épiphanie, mtoto wake wa pekee, aliyesoma shule hiyohiyo ya bweni huko Byumba, kaskazini, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Docteur hakulijua hilo kwa sababu hakuuliza. Kwake yeye fundi alikuwa mikono miwili na pini mdomoni.

Alhamisi hiyo, dukani kwa Habiyaremye, Docteur akafumba macho kwenye televisheni na kutangaza kwamba kaskazini kumetulia. Wazazi wanaozuia watoto wao wasirudi shule, alisema, wanaeneza hofu tu.

Théoneste akarudi ameshaamua. Jumatatu Épiphanie anapanda basi. Athanasie alijua kwa nini mumewe anang'ang'ania. Nafasi ya sekondari haikuwa kitu cha kuokota. Mtaa mzima aliyeipata ni Épiphanie peke yake, na shule ilikuwa imeandika kwamba asiyefika Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine. Athanasie akikosea, atakuwa amemzimia mwanawe taa kwa mkono wake mwenyewe. Aliogopa, tena sana. Hata hivyo akafungua kopo la vifungo, akatoa nembo mbili alizozifumua mchana, akaziweka mezani.

"Mama Epi, Docteur alisema kule iko amani," Théoneste akasema.

"Alisema. Na watoto wake anawapeleka Butare. Hizi ni za sare zao."

Théoneste akazigeuzageuza. Akasema labda wale watoto wanaumwa, labda wanaikimbia baridi ya Byumba. Jumatatu alfajiri Athanasie akafunga sanduku la Épiphanie kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge, akaenda kazini. Mumewe alikaa siku tisa bila kumsemesha.

Kuna kanuni moja ya mafundi: mambo ya mteja yanabaki kibandani. Athanasie aliivunja kwa mumewe tu. Wazazi wengine hakuwaambia. Hilo linamuuma mpaka leo, wala hafichi.

Februari vita vikalipuka upya na shule ikakimbiwa. Siku ya tano mlango ukagongwa. Alikuwa Spès, rafiki wa Épiphanie wa bwenini, ametembea kutoka Byumba na kiatu kimoja. Wazazi wake walikuwa chini ya turubai kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, Nyacyonga. Théoneste ndiye aliyefungua. Akaitazama miguu ya yule mtoto, akamtazama mkewe, akaenda kuchemsha maji. Wiki hiyohiyo Docteur alifumba macho, akasema hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Théoneste hakuwepo kumsikiliza.

Agosti, amani iliposainiwa Arusha, Docteur alirudi. Alitaka koti jipya la kuielezea amani hiyo. Athanasie akazungusha futi naye akiendelea kubainisha.

"Mia moja na tisa," Athanasie akasema. "Andika, Spès."

Wasichana wote wawili walikuwa wanajifunza kushona huku wakingoja shule. Docteur akamwangalia yule mwenye daftari, na kwa mara ya kwanza ndani ya kibanda kile akauliza kitu. Akataka kujua mtoto huyu anasoma wapi.

"Nilikuwa Byumba," Spès akasema. Akasimama kwa adabu, kama masista wa shuleni walivyowafundisha. "Docteur, binti zako Joselyne na Béatha hawajambo? Vitanda vyao vilikuwa karibu na changu. Jumatatu ile ya kufungua shule tuliwawekea chakula."

Docteur akafumba macho. Wakangoja, lakini safari hii halikutoka neno. Athanasie akafungua kopo la vifungo, akatoa zile nembo mbili, akamtilia kwenye mfuko wa shati, akamwambia koti litakuwa tayari Jumamosi.

Hakuja kulichukua. Théoneste hulivaa kanisani, limepunguzwa kiunoni.