Kangema Wanamwita Karani

Saa sita na nusu mchana, kengele inalia katika shule moja ya sekondari ya wasichana karibu na Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Wasichana mia tatu na sitini wanatoka madarasani na kupanga foleni, sahani mikononi. Jikoni moshi umejaa hadi darini. Kihara anapanda juu ya matofali mawili, anashika mwiko mrefu kama mpini wa jembe na kuigeuza githeri, mahindi na maharagwe, kwa mara ya mwisho.

Anapakua upesi, upawa mmoja kwa kila sahani. Hatazami nyuso. Msichana mmoja mrefu wa kidato cha kwanza ananyoosha sahani yake, anapakuliwa, anaondoka. Hawasalimiani.

Msichana huyo anaitwa Monicah. Ni mtoto wa dada yake Kihara. Tangu Januari 1979 amekuwa akipita mbele ya mjomba wake mara tatu kwa siku bila kusema neno, na mjomba mwenyewe ndiye aliyemwomba afanye hivyo.

“Mtu akikudharau unaweza kukasirika,” anasema Kihara baada ya foleni kuisha, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. “Sasa huyu nitamkasirikia namna gani? Ni mimi nilimfundisha.”

Kihara ana miaka thelathini na mitano. Amefanya kazi katika jiko hili kwa miaka kumi na mitano. Mshahara wake ni shilingi mia nne na kumi kwa mwezi, pamoja na chumba kimoja nyuma ya stoo ya kuni. Nyumbani kwao, juu ya Kangema ambako mashamba ya chai yanaanza, hakuna aliyejua habari hizi hadi Julai iliyopita. Kule watu wanamjua kuwa karani wa serikali mjini Nyeri.

Walizaliwa wawili tu, yeye na Watiri, anayemzidi miaka miwili. Wote walianza shule. Watiri alikuwa hodari wa hesabu kuliko mdogo wake, hata mwalimu alipanda mlima kwenda kumweleza mama yao, Wakonyo, kwamba msichana huyu asitolewe shuleni. Lakini baba alikuwa amekufa na nyumba ingeweza kumsomesha mmoja. Akachaguliwa wa kiume. Watiri aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili, akaenda kuchuma kahawa katika mashamba ya wazungu.

“Kila kitu nilichovaa shuleni kilitoka kwa vidole vyake,” anasema Kihara.

Mwaka 1960 aliingia sekondari, wa kwanza kutoka kijiji chao. Aliketi dawati moja na Theuri, mtoto wa mfanyabiashara wa Karatina. Kwa kina Theuri kulikuwa na redio, na gazeti la Kiingereza lilisomwa mezani wakati wa chai. Kihara alikisikia Kiingereza kutoka kinywani mwa mwalimu tu. Akifunga shule, alirudi kwenye nyumba ambayo kitabu pekee kilikuwa Biblia ya Kikuyu.

Matokeo ya mtihani yalitoka mwanzoni mwa 1964, bendera mpya ikiwa na miezi michache tu juu ya mlingoti. Wazungu walikuwa wanafunga mizigo, na kijana mwenye cheti alipata meza na kiti kabla ya wiki kwisha. Theuri aliingia benki. Kihara alifaulu masomo yote isipokuwa Kiingereza, na bila Kiingereza hapakuwa na cheti.

“Ile barua niliisoma nikiwa barabarani. Kufika nyumbani nikakuta mama ameita majirani, chai iko motoni. Watiri akaniuliza, ‘Umepita?’ Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Sikujua litakaa miaka hii yote.”

Alikuja Nyeri kutafuta kazi ya ofisini. Kwa wiki tatu alizunguka na kila mahali aliombwa cheti. Wiki ya nne akasikia kwamba shule inataka mtu wa kupasua kuni. Mwaka uliofuata akapewa mwiko. Nyumbani aliandika kwamba ameajiriwa na serikali.

Kuanzia hapo, kwenda nyumbani ikawa kazi yenye matayarisho. Siku mbili kabla ya safari alisugua mikono kwa ndimu ili itoke harufu ya moshi. Alinunua koti kuukuu, akachomeka kalamu mbili katika mfuko wa kifuani. Watu walimwamkia wakiwa bado mbali. Wazee walimletea karatasi zao za mashamba, wakimwomba azungumze na wenzake wa ofisini.

Kihara hakuwa na wenzake ofisini. Alizichukua karatasi hizo, na siku yake ya mapumziko akapanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya ardhi kama mtu mwingine yeyote. Nyingine zilifanikiwa. Ya mjane mmoja, Waithira, ilirudishwa mara nne, lakini yeye alimwambia mama huyo kwamba ameongea na mkubwa na jambo linashughulikiwa. Waithira alimchinjia kuku.

“Nilikula,” anasema. “Alikuwa amesimama hapo mlangoni ananitazama nikila, ana furaha. Paja lote nilimaliza.”

Uongo huo ungeweza kuendelea hadi uzeeni kama Monicah asingekuwa na akili kama za mama yake. Alifaulu mtihani wa darasa la saba akiwa wa pili katika tarafa yao, na barua ikaja kwamba amepata nafasi katika shule ya wasichana Nyeri. Watiri, aliyekuwa ameolewa na kuwa na shamba dogo la chai, alifurahi mara mbili. Mtoto amefaulu, na huko anakokwenda yuko mjomba wake karani.

Siku ya kuripoti, Kihara alikuwa amesimama kwenye dirisha la jiko akiwatazama wazazi. Aliona Peugeot nyeupe ikiingia, na mwanamume aliyeshuka kufungua buti alikuwa Theuri, yule wa dawati moja. Alikuwa amenenepa, amevaa suti, ameleta binti yake. Kihara alitoka kwa mlango wa nyuma akajificha stoo ya kuni. Kutoka huko, kupitia upenyo wa mbao za ukuta, ndipo alipomwona Monicah akiingia peke yake kwa miguu, sanduku la bati kichwani.

Jioni alimvizia msichana akiwa ameenda kuchota maji, akamwita nyuma ya stoo.

“Nilimwambia, ‘Hapa hunijui. Wenzako wakijua mjomba wako ni mpishi watakucheka miaka minne. Na nyumbani usiseme.’ Hakulia. Akaniuliza, ‘Sasa nikikutana nawe nikuite nani?’ Nikamwambia usiniite.”

Mwandishi wa habari hizi alipozungumza na Monicah, mbele ya mwalimu wake, msichana huyo hakutaka kusema mengi. Alisema kwamba mwanzoni ilikuwa vigumu kumpita mjomba wake, kisha ikawa rahisi, na kule kuwa rahisi ndiko kunakomsumbua. Binti wa Theuri yuko darasa moja naye. Ni rafiki yake. Siku moja, wakiwa kwenye foleni, rafiki huyo alitania kwamba mpishi ananuka moshi, na Monicah akacheka pamoja na wengine.

Kihara aliwasikia. Anasema hilo halimtoki.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili moja ya Julai. Watiri alifika na kiondo cha chakula, wakaketi na binti yake kwenye nyasi. Walipomaliza kula alisema angependa kupitia ofisini kwa Kihara, au nyumbani kwake ikiwa ofisi imefungwa, kabla ya kupanda basi. Monicah alianza kulia. Alipoulizwa ana nini, alinyoosha kidole kuelekea jikoni.

Kihara alikuwa ameinama, nusu ya mwili ndani ya sufuria kubwa, akikwangua ukoko. Alisikia akiitwa jina lake. Alipoinua kichwa, dada yake alikuwa amesimama mlangoni, kiondo bado kimening'inia mgongoni kwa kamba ya kichwani.

Kihara aliomba msamaha. Alisema alishindwa kuwaambia kwamba amekuwa mpishi. Watiri alimsikiliza hadi mwisho, na maneno aliyomjibu, Kihara ameyashika yote.

“Alisema, ‘Mimi nimechuma kahawa ya watu tangu nikiwa mtoto. Unafikiri nitaona haya kwa sababu ndugu yangu anapika? Siku zote nilikuwa najiambia, mimi sikusoma, lakini yuko mmoja aliyesoma kwa niaba yangu. Hata huo uongo ningekusamehe. Lakini umemfundisha mtoto wangu kukupita kama anapita mti.’”

Kihara alimsihi amweleze mama yao, kwa kuwa yeye hangeweza. Watiri alikataa. Alimwambia atakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na bila koti.

Tangu siku hiyo Monicah humsalimu, lakini wakiwa wawili tu. Kwenye foleni bado anapita. Kihara hamlaumu. Kila Jumamosi hushuka mjini hadi dukani kwa Govind, ambako huomba magazeti ya Kiingereza ya kufungia sukari yaliyosalia, na kuyapeleka kwa matroni wa bweni ampe Monicah. Hataki Kiingereza kimwangushe.

“Binti wa Theuri anayasoma kwao,” anasema. “Huyu wetu asome ya kufungia sukari. Ni maneno yale yale.”

Mazungumzo haya yalifanyika Oktoba. Kihara alikubali jina lake liandikwe, akaomba jambo moja: habari isichapishwe kabla ya Krismasi, atakapokwenda nyumbani kusema mwenyewe, kwa sababu mama yake hajui kusoma, na hakutaka asomewe na jirani.

Barua yake ilifika katika chumba cha habari wiki iliyopita, imeandikwa kwa hati nzuri, iliyonyooka.

“Nilimkuta mama anamenya viazi,” ameandika. “Nilimwambia mbele ya Watiri. Aliendelea kumenya mpaka viazi vikaisha. Halafu akaniuliza, huko jikoni na ninyi wapishi mnapewa chakula? Nikasema tunapewa. Akasema ni vizuri. Baadaye, tukiwa tumelala, nilimsikia analia, na sikuamka kumwuliza ni kwa ajili ya nini, kwa sababu najua.

“Amesema siku ya wazazi ijayo atakuja na Watiri aone mahali ninapofanyia kazi. Sasa unaweza kuandika. Nimeomba ruhusa, siku hiyo mtu mwingine apakue. Nataka nimpokee mama getini, mbele ya watu.”