Baba Mkwe wa Kitabuni

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo sijui kama ninavyosoma mimi ndivyo wasomi wanavyosoma. Napenda riwaya za kuchekesha, na sentensi ikiwa tamu nairudia mara tatu ndipo niendelee. Mume wangu anasema huko si kusoma, ni kucheza. Huenda ni kweli. Ila niseme pia kwamba baadhi ya vitabu hivyo aliniletea yeye, kutoka stendi ya Nyegezi.

Baba yake alipokuja kwetu Mabatini kutoka Kisesa, kutolewa mtoto wa jicho, nilivificha vyote chini ya godoro. Kwetu mke wa mtoto hataniani na baba mkwe. Hata kucheka mbele yake anacheka nusu. Nilitaka arudi akijua mwanawe ameoa mtu mwenye akili zake.

Siku ya tatu, mchana, nilidhani amelala pale sebuleni. Nikachukua kimoja, nikakaa jikoni. Nikafika pale mzee wa kitabuni anapopiga chafya kubwa hadi mbuzi wa jirani, waliokuwa wakienda malishoni, wakaghairi safari. Kicheko kikanitoka chote.

Akaniita, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni kitabu. Akasema kukaa na jicho lililofungwa kunachosha, nimsomee.

Shida ni kwamba yule mzee wa kitabuni ni baba mkwe, amekuja kusalimia akakaa miezi miwili. Nikaona aibu. Kila palipoandikwa baba mkwe nikasoma jirani. Alisikiliza, kisha akasema:

"Mama, huyu jirani anakula hapo asubuhi, mchana na jioni, tena anamfokea mke wa mtu kwa ajili ya chumvi. Kwao hawamtafuti?"

Nikajifanya natafuta ukurasa.

"Ni baba mkwe, siyo?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Basi anza upya. Umemharibu mzee wa watu."

Nikaanza upya, bila kuficha neno. Kwenye chafya alicheka hadi akashika bandeji, nikaogopa jicho litafumuka. Tangu hapo ikawa kila mchana, na siku ya kuondoka alimwambia mwanawe, mimi nikisikia, "Nyumba hii ina msomaji."

Haki isemwe: chafya iliandikwa na mwenye kitabu. Na baba mkwe wangu pengine angecheka hata angesomewa na mwingine. Lakini baada ya chafya nilinyamaza kidogo, mbuzi wakasimama kwanza, wakafikiri, ndipo nikawageuza. Kitabuni hapakuandikwa kunyamaza. Hapo palikuwa pangu.